Re: Kwa nini Talladega magari yanabanana kundi moja?

Mkuu umeuliza kwa nini NASCAR (mbio za magari za Marekani) wakienda Talladega au Daytona, vile viwanja vyao vya spidi kali, magari yote yanatembea kundi moja utadhani hakuna anayetaka kuondoka. Wanataka sana, ila sheria ya usalama ndo imewafikisha hapo. Mwaka 1987 dereva Bill Elliott alifuzu pale Talladega kwa spidi ya kama 342 km/h, halafu kwenye mbio zenyewe tairi la dereva mwingine, Bobby Allison, likapasuka, gari likapaa likachana uzio mbele ya mashabiki, bado kidogo tu liingie jukwaani. Kuanzia 1988 wakaweka bamba lenye matundu manne chini ya kabureta, injini ikawa inavuta hewa kidogo, nguvu chini. Sasa kila gari ikibanwa hivyo nani atamwacha mwenzake? Inabidi ujibane nyuma ya mwenzio akukatie upepo, ukitoka peke yako unapitwa mpaka mkiani, na mmoja akiteleza anazoa hata magari ishirini. Mi naona mashabiki walilindwa zaidi ila hatari ikahamia kwa madereva, na hilo linaniuma. 2019 bamba lile wameliacha, wanabana hewa kwa kifaa kingine, lakini kundi liko palepale.