Jibu: Je, kubadili aina ya kufuli kutaongeza kasi ya seva ya faili?

Mkuu, umeuliza kama kubadili aina ya kufuli (kinachopanga zamu za kugusa data ileile) kutaipa kasi hiyo seva ya faili ya ofisini kwenu Mwanga, Kigoma. Inategemea watu wanafanya nini humo.

Mutexi, aina rahisi ya kufuli, inamruhusu mmoja tu; wengine wote wanasubiri, hata wanaotaka kusoma tu. Kufuli la kusoma-na-kuandika linawaachia wasomaji waingie pamoja, anayeandika ndiye anayebaki peke yake. Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, ilihama kutoka mutexi kwenda kufuli hilo kwenye folda kuanzia toleo la 4.7, mwaka 2016, kwa hiyo watu wengi wanaweza kutafuta majina ya faili ndani ya folda moja kwa wakati mmoja. Ila kuunda na kufuta bado ni foleni. Ofisi nzima ikimwaga skani kwenye folda moja, hutaona tofauti yoyote. Gawa folda kwanza.

Halafu kufuli hilo la kusoma-na-kuandika si la bure. Kila msomaji lazima abadilishe hesabu ileile ya wasomaji kwenye kumbukumbu, na prosesa zinagombea hapo hapo. Kazi ikiwa fupi mno, spinloki ya kawaida (kufuli ambalo anayesubiri hujaribu tena na tena bila kulala) inaweza kulishinda.

Kabla ya yote fungua top (programu ya Linux inayoonyesha prosesa inafanya nini), angalia namba ya wa (muda ambao prosesa inasubiri diski). Ikiwa juu, shida ni diski, kufuli unalisingizia.