Kona ya Waandishi: Mhusika wa Vitabu Asiyejua Maneno ya Watu

SWALI: Naandika riwaya ya mapenzi. Mhusika wangu Odhiambo ni mtafiti wa samaki, mwenye haya, na mazungumzo ya kawaida humshinda. Waliosoma mswada wanasema anafanana na mashine. Nirekebishe wapi?
Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: Pitia mswada na kalamu nyekundu, upige mstari kila mahali Odhiambo anapoboronga mbele ya watu. Akiboronga kwa mama yake, kwa makanga na kwa mhudumu wa hoteli vilevile, basi mashine umeipata. Mtu wa aina hii hakosei kote sawasawa. Kwa wavuvi wa Dunga atazungumzia nyavu saa nzima, kwa kuwa jambo la kuzungumziwa linajulikana. Kinachomtoa jasho ni utani wa harusini na salamu zisizoisha. Mpe walau watu wawili ambao akiwa nao yuko huru.

Ujuzi wake nao uwe halisi. Tuseme yuko mezani na Achieng', mwanamke anayempenda, samaki wa kukaanga katikati, naye Odhiambo anasema: "Huyu mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950. Amewala fulu, wale samaki wadogo, mpaka aina nyingi zikatoweka." Achieng' alitarajia kusifiwa gauni. Hapa waandishi wengi hukimbilia kicheko, na ndipo wanapompoteza mhusika, kwa sababu habari hiyo inamuuma kwelikweli. Acha Achieng' aulize, "Fulu walikuwa na rangi gani?" Kisha usiku Odhiambo alikumbuke lile gauni, ajilaumu, aurudie mazungumzo yote kichwani. Mashine hairudii.

Tafadhali usimvue miwani na kumvisha suti sura ya mwisho. Ukimgeuza msemaji hodari, umefuta mtu yuleyule uliyetuomba tumpende.

SWALI: Je, mhusika wa vitabu kama huyo naweza kumfanya mpelelezi bila kumnakili Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa hadithi za Kiingereza?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Unaweza. Holmes alipotokea mara ya kwanza, 1887, hakujua kwamba dunia hulizunguka jua. Wanaomwiga huchukua ufidhuli wake, wakaliacha pengo hilo, na bila pengo anakuwa mjuaji wa kuchosha.

Tumia tabia yake kuficha dalili. Sura ya tatu, kwenye chai ya matanga, mpelelezi wako awachoshe watu kwa kueleza jinsi maji ya Ziwa Nakuru yalivyopanda tangu miaka ya 2010, chumvi ikapungua makali, mwani wanaoula flamingo ukapungua pia, na wengi wao wakahamia Ziwa Bogoria. Mtu amkatize kwa kuomba sukari. Sura ya kumi, mshukiwa atoe picha anayodai kuipiga Nakuru wiki ya mauaji: ufuo mpana mkavu, flamingo hadi upeo wa macho. Msomaji aliyeruka maelezo yale ya matangani atarudi kuyasoma. Maelezo yasizidi mistari sita. Yakizidi, atashuku mapema.