Leseni ya kampuni itoke Nairobi, ya mlango itoke kwetu

Swali lenu la wiki lilikuwa nani anafaa kutoa leseni za kamari, serikali kuu ama kaunti. Mimi nasema wote wawili, ila kila mmoja na kazi yake, na kaunti ipewe nguvu ya kukataa.

Katiba ya 2010 yenyewe ilishagawa hii kazi. Ukifungua Jedwali la Nne utakuta kamari imetajwa kwa serikali kuu na ikatajwa tena kwa kaunti, huko kwa kaunti imewekwa pamoja na leseni za pombe na sinema. Shida ni kwamba tulibaki na Sura 131, sheria ya kamari ya 1966, ya wakati hakuna kaunti na hakuna mtu amewahi kubeti kwa simu, yote yalikuwa yanaamuliwa na bodi moja Nairobi. Ni Agosti 2025 ndio Rais Ruto alitia sahihi Sheria ya Kudhibiti Kamari inayoondoa hiyo bodi na kuleta mamlaka mpya, kwa hivyo huu ndio wakati wa kusema, kabla mambo hayajaganda.

Kubeti kwa simu wachieni serikali kuu, hapo sina ubishi. Kijana akiwa Bomet anaweka pesa kwa kampuni iko Nairobi ama hata nje ya nchi, gavana atamfanyia nini? Julai 2019 makampuni 27 yalinyimwa leseni mpya na paybill zao, zile namba za kulipia kwa M-Pesa, zikafungwa, hiyo nguvu kaunti haina na haitawahi kuwa nayo.

Lakini mashine za bonanza, zile za kamari za kutumbukiza sarafu, ni hadithi ingine kabisa. Hizi hazikai kwa simu, zinakaa kwa mtaa, na mtaa ndio unajua. Kwetu kuna chumba kiko katikati ya kinyozi na duka la M-Pesa, pazia limening'inia mlangoni, ndani mashine zimepangwa ukutani na jamaa amekaa na mkebe wa sarafu za mbao mbao, yaani za shilingi ishirini, anauzia wachezaji. Saa saba wanafunzi wakitoka lunchi wanapitia hapo wakiwa na yunifomu. Sheria inasema miaka 18 lakini nani anauliza kitambulisho? Mama mboga hapo nje anakosa chenji kwa sababu sarafu zote za mtaa zimeishia kwa huo mkebe, unampa mia unaambiwa ngoja.

Wazazi wakilalamika jamaa anaonyesha karatasi imebandikwa ukutani, na kweli ni karatasi ya kaunti, iko na muhuri, lakini ukiisoma vizuri ni kibali cha biashara cha kawaida tu, kile hata mwenye kibanda cha chipo hulipia, hakuna mahali imeandikwa kamari. Tulienda ofisini kuuliza, afisa akatuambia mambo ya mashine ni ya Nairobi, yeye kazi yake ni kukusanya ada. Kanjo, askari wa kaunti, wakija wanaangalia risiti, ikiwa imelipwa wanaenda zao. Sasa huyo mtoto wa darasa la saba analindwa na nani hapo katikati?

Waingereza waligawa hii kazi na sheria yao ya 2005, kampuni inachukua leseni kwa Tume ya Kamari ya taifa, halafu kila duka la kubeti linaombewa leseni kwa halmashauri ya mahali lilipo. Mgawanyo ni mzuri sana, ila waliweka kipengele kinachoitaka halmashauri ilenge kuruhusu kama masharti yametimizwa, na halmashauri nyingi zimekuwa zikilia kwamba haziwezi kusema maduka yametosha hata barabara moja ikijaa. Kiwango cha kuweka kwa mchezo mmoja kwenye mashine za kamari za hayo maduka yao kilishushwa kutoka pauni 100 mpaka pauni 2 mwaka 2019, lakini hiyo ilibidi itoke serikali kuu. Tuige mgawanyo, hicho kipengele tuache.

Na msinielewe vibaya, siamini kaunti kwa macho yamefungwa. Kaunti zina njaa ya pesa, na ukiipa leseni iwe chanzo cha mapato tu itauza mpaka mlango wa shule. Ndio maana nataka uamuzi usikae kwa afisa wa mapato. Mtu akitaka kuweka mashine, ombi libandikwe pale pale mlangoni na kwa ofisi ya wodi wiki kadhaa kabla, kwa Kiswahili, tuitwe baraza, na shule, kanisa au msikiti ulio karibu ukisema hapana kaunti iweze kukataa na hiyo sababu itoshe hata mahakamani. Leseni ya mashine iwe na rangi yake tofauti na kibali cha biashara ili mzazi akiingia aijue kutoka mlangoni, iandikwe idadi ya mashine, na ikipatikana ingine imeongezwa zote zibebwe siku hiyo hiyo.