Maswali na Majibu: Katika ubia wa matunzo, nani ameshika mpini?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa wasomaji wanaofanya kazi ya matunzo ya wazee na wagonjwa England, pamoja na mmoja ambaye mama yake anatunzwa huko. Majibu yetu yanahusu England tu. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

Kampuni yetu ya matunzo ya nyumbani ina kiti katika bodi ya ubia na halmashauri. Februari bodi ilikubaliana, na ikaandikwa kwenye muhtasari, kwamba malipo ya saa yapande kuanzia Aprili. Tukawapandishia wafanyakazi mshahara. Sasa ofisa anasema bodi haikuwa na mamlaka hayo. Muhtasari si ushahidi? (Meneja)

Ni ushahidi kuwa mlikubaliana. Kama waliokubali walikuwa na uwezo wa kuifunga halmashauri, hilo ni jambo jingine, na kwa bahati mbaya ofisa huyo huenda yuko sahihi.

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1972 kinairuhusu halmashauri kukasimu kazi zake kwa kamati, kamati ndogo, ofisa wake au halmashauri nyingine. Pale penye kiongozi na baraza la utendaji, Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2000 inaongeza mjumbe mmoja mmoja wa baraza hilo. Bodi iliyochanganya maofisa, kampuni na wawakilishi wa familia haimo humo. Mara nyingi bodi ya namna hiyo haina hata nafsi ya kisheria: haiwezi kusaini mkataba wala kushtakiwa. Kila anayeketi pale amekuja na mamlaka yake mwenyewe. Kama kikomo cha ofisa ni, tuseme, pauni 100,000, hakiwi pauni milioni moja kwa sababu watu kumi na wawili wameitikia kwa kichwa.

Kila halmashauri ina katiba yake, nayo ni waraka wa wazi. Fungua sehemu ya ukasimishaji wa madaraka, utakuta cheo, aina ya uamuzi na kikomo cha fedha. Kisha uliza kama jambo lenu ni "uamuzi mkuu", yaani unaobeba fedha nyingi ukilinganisha na bajeti ya huduma hiyo, au unaogusa kwa uzito wakazi wa kata mbili au zaidi. Kupandisha bei ya saa kwa watoa huduma wote wa eneo kwa kawaida huangukia hapo. Uamuzi huo hutangazwa siku 28 kamili kabla ya kufanywa. Ukishafanywa, madiwani wa kamati ya uchunguzi wanaweza kuuita urudi kujadiliwa, na katika halmashauri nyingi dirisha hilo hukaa wazi siku 5 hivi za kazi. Ongeza muda wa kuandika ripoti na kupata maoni ya mwanasheria na mhasibu, na hesabu inafika wiki nane hadi kumi. Kikao cha Februari kwa bei ya Aprili kilikuwa kimechelewa kabla hakijaanza.

Sasa fanyeni hivi: andikeni barua mkitaka kutajiwa cheo chenye mamlaka ya uamuzi huu, tarehe utakapofikishwa kwake, na kama bei itarudishwa nyuma hadi Aprili. Ambatanisheni hesabu ya gharama, maana ofisa asiye na takwimu hawezi kuandika ripoti. Na msikubali tena muhtasari unaosema "bodi ilikubali". Uandikwe: "bodi inapendekeza kwa mkurugenzi fulani, ambaye ataamua kabla ya tarehe fulani."

Mteja wetu amepangiwa ziara 4 kwa siku, dakika 30 kila moja, mhudumu mmoja. Siku hizi hawezi kusimama, anahitaji watu wawili na mashine ya kumnyanyua. Halmashauri inasema tusubiri tathmini. Tukiongeza mtu hatulipwi, tusipoongeza tunavunja mgongo. (Mratibu wa zamu)

Hapa kuna uamuzi wa aina mbili, na ugomvi mwingi hutokana na kuuchanganya.

Kiasi cha huduma, yaani idadi ya ziara, urefu wake na wahudumu wangapi, kinatokana na tathmini na mpango wa matunzo, na hivyo ni kazi za halmashauri chini ya Sheria ya Matunzo ya 2014. Kifungu cha 27 kinaitaka iupitie upya mpango hali inapobadilika au mhusika anapoomba kwa sababu za msingi. Mkataba wa kununua saa haukupi wewe kazi hiyo.

Usalama wa namna kazi inavyofanywa ni wako. Kampuni imesajiliwa na CQC, mdhibiti wa huduma za afya na matunzo, na kanuni zake zinakutaka utathmini hatari na uzipunguze. Ukimtuma mhudumu mmoja kumnyanyua mtu mzima kwa mashine inayotaka wawili, huwezi kujitetea kwamba halmashauri ililipia mmoja.

Kwa hiyo siku hiyohiyo fanya tathmini ya unyanyuaji, iandike, itume ukiomba mapitio ya haraka, na useme wazi kuanzia saa ngapi utatuma wawili. Kama mkataba una kifungu cha dharura, kitumie. Kama hauna, kidai mkataba utakapofanyiwa marekebisho. Kifungu kinachofaa huwa na mambo manne. Matatu ni haya: kiwango ambacho mtoa huduma anaweza kuongeza bila kuuliza (kwa mfano saa 5 kwa wiki), muda wake (kwa mfano siku 7) na wajibu wa kutoa taarifa ndani ya saa 24. La nne husahaulika nalo ndilo linaloumiza: halmashauri isipojibu ndani ya muda huo, malipo ya nyongeza yanaendelea mpaka ijibu. Bila hilo, ukimya unageuka kuwa uamuzi dhidi yako.

Angalia pia kumbukumbu za kielektroniki za saa ambazo mhudumu anaingia na kutoka. Ikiwa mhudumu anakaa dakika 50 kila siku nanyi mnadai 30, kumbukumbu hizo ndizo hoja yenu ya mapitio. Wengi huziacha zilale kwenye mfumo.

Na mteja mwenyewe? Kama ana uwezo wa kuamua kwa maana ya Sheria ya 2005 ya Uwezo wa Akili, anaweza kukataa mashine, ziara, hata matunzo yote. Mtoto wake mwenye hati ya uwakilishi wa afya na ustawi hana sauti juu yake mpaka mteja apoteze uwezo wa kufanya uamuzi unaohusika.

Shirika letu linaambiwa litakabidhiwa tathmini zote za watu wazima wa eneo hili. Tutakuwa na mamlaka kamili? (Mjumbe wa bodi)

Hapana. Kifungu cha 79 cha Sheria ya Matunzo kinaruhusu kukasimu tathmini, mipango na mapitio kwa shirika la nje, lakini kinabakiza kwa halmashauri kazi za ulinzi dhidi ya unyanyasaji (vifungu 42 hadi 47), uamuzi wa kutoza ada, na wajibu wa kushirikiana na kuunganisha huduma na afya. Mnaweza kupima uwezo wa mtu kulipa, lakini kuamua kama ada itozwe si kazi yenu. Na mtakalotenda litahesabiwa kuwa limetendwa na halmashauri, ndiyo maana itataka kukagua mafaili.

Ukaguzi huo ujadilini kabla ya kusaini. Ukasimishaji huharibika pale shirika linapotathmini, kisha kila mpango unapita kwenye jopo la fedha la halmashauri linalokata saa bila kumwona mtu. Mnabaki na lawama bila mamlaka. Takeni iandikwe ni gharama gani ya wiki mnaweza kuidhinisha wenyewe, na kwamba jopo likikataa litoe sababu kwa maandishi. Kama nyinyi pia mnauza matunzo, anayetathmini asiwe chini ya meneja anayejaza zamu.

Ikija tuhuma ya unyanyasaji, halmashauri inaweza kuwaomba mfanye uchunguzi, ila hatua ya kuchukuliwa inaamuliwa na yenyewe. Anayetuhumiwa ni meneja wenu? Asiuguse.

Mama anatunzwa na kampuni iliyowekwa na halmashauri. Nikilalamika, halmashauri inanirudisha kwa kampuni. (Binti yake)

Si vibaya kuanza na kampuni, lakini halmashauri haiwezi kunawa mikono. Iliponunua huduma hiyo, makosa ya kampuni yakawa makosa yake mbele ya Ombudsman wa Serikali za Mitaa na Huduma za Jamii, yaani mchunguzi huru wa malalamiko ya wananchi. Barua ya malalamiko iandike kwa halmashauri yenyewe, si kwa kampuni huku halmashauri ikipewa nakala tu. Jibu lisiporidhisha, mpelekee Ombudsman, kwa kawaida ndani ya miezi 12 tangu ulipojua tatizo. Kama halmashauri inampa mama fedha za matunzo mkononi naye anaiajiri kampuni mwenyewe, mkataba ni wake na kampuni. Hata hivyo Ombudsman anapokea malalamiko ya namna hiyo pia, safari hii dhidi ya kampuni yenyewe.