Swali la lugha: Kombe la Grey au Kikombe cha Kijivu?

SWALI: Msomaji wetu aliyeko Toronto anauliza: "Nimeona habari ya Kiswahili ikisema timu fulani 'imeshinda Kikombe cha Kijivu'. Je, ni sahihi? Na huo mchezo wenyewe tuuite soka?"

JIBU: Si sahihi, ndugu msomaji. Linalotajwa ni Grey Cup, kombe la ubingwa wa mpira wa Kanada, mchezo wa jamii ya futiboli ya Kimarekani, na kosa kubwa liko kwenye hiyo rangi. Kwa Kiingereza grey ni kijivu, lakini hapa Grey ni mtu. Ni Albert Grey, Lodi wa Uingereza aliyekuwa Gavana Mkuu wa Kanada kuanzia 1904 hadi 1911, mjukuu wa yule waziri mkuu ambaye jina lake limebandikwa kwenye chai ya Earl Grey. Kombe lenyewe ni la fedha. Ukijivu haumo kabisa. Jina la mtu halitafsiriwi, kwa hiyo andika Kombe la Grey.

Mwanzoni Lodi huyo alikusudia kutoa kombe la mpira wa magongo wa barafuni, ila mfanyabiashara Montagu Allan akamtangulia kutoa la kwake. Ndipo Grey akaelekeza lake kwenye mpira wa Kanada. Fainali ya kwanza ilichezwa Desemba 1909, Chuo Kikuu cha Toronto kikaifunga timu ya Parkdale 26 kwa 6, lakini mabingwa walirudi mikono mitupu: kombe halijawa tayari, na walilipata mwaka uliofuata.

Kikombe ni cha chai. Cha ubingwa ni kombe, wingi makombe. Wazee wa pwani watakukumbusha kwamba kombe ni pia sahani kubwa, na ni maandishi ya zafarani yanayooshwa akanyweshwa mgonjwa. Mabingwa wa Kanada nao hulinywea lao, ila wao hunywa shampeni.

Angalia pia upatanisho. Magazetini nasoma "kombe iliibiwa". Sema: Kombe la Grey liliibiwa Ottawa mwaka 1969, likapatikana Toronto mwaka uliofuata, lilinusurika moto mwaka 1947, limevunjika zaidi ya mara moja mikononi mwa wachezaji wakishangilia, mwaka 2006 likang'oka kwenye kitako chake. Ni li- mwanzo hadi mwisho.

"Kushinda kombe" limezoeleka, silipigi marufuku. Masikioni mwangu, hata hivyo, anayeshindwa ni mpinzani; kombe hutwaliwa, hunyakuliwa au hubebwa, kama watangazaji wetu wa redio wanavyosema siku zote.

Soka? Hapana, wala kandanda. Mpira wao una umbo la yai, hushikwa mkononi, na kila upande una wachezaji 12, mmoja zaidi ya Wamarekani. Mimi naandika "mpira wa Kanada", na mara ya kwanza naongeza maneno machache ya kuueleza. Ukiuita soka, msomaji wa Mombasa atasubiri penalti.

Jambo la mwisho hukuliuliza, lakini linasumbua waandishi: mwaka unaambatana na nini? Kombe ni lilelile tangu mwanzo. Kinachobadilika ni fainali. Kwa hiyo, "fainali ya Kombe la Grey ya 1962", kwa "ya", ndiyo ile ya Toronto iliyofunikwa na ukungu hata mashabiki wasiuone mpira, ikasimamishwa na kumaliziwa kesho yake, Winnipeg wakaifunga Hamilton 28 kwa 27.