Bibi kafariki Vietnam, mimi niko Dar: siku 49 nazifanyaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni Mvietnam, nina miaka 22, nimekuja Dar kumfuata kaka yangu anayefanya kazi kampuni ya simu, Kiswahili nimekiokota kwenye daladala na kwa mama ntilie kwa hiyo nisamehe nikikosea. Bibi mzaa mama amefariki wiki tatu zilizopita kule Nam Định na sikuweza kwenda, tiketi ni hela nyingi. Kwetu sisi Wabudha kila siku ya 7 tunamsomea marehemu mpaka zitimie siku 49. Hapa pagoda (hekalu la Kibudha) ya kwetu hamna, lipo hekalu la Wasinhala tu, nilichungulia nikaona hamna sanamu ya Quan Âm, yule mwenye huruma, wala ya Buddha tunayemwita A Di Đà. Na kwenye fleti nilichoma udi wa vijiti, jirani akasema naita majini, mwenye nyumba akakataza. Je, nimemkosea bibi? Na nikienda kwa Wasinhala ibada itamfikia?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana kwa msiba. Kufiwa ukiwa mbali ni kugumu, manake hata pa kukaa matanga huna.

Nianze na hekalu kwa sababu naona ndo linakutisha. Lile wamelijenga Wasinhala waliotoka Sri Lanka, lipo tangu miaka ya 1920, na wao ni Theravada, tawi la Ubudha ambalo nyie kwenu mnaliita Nam tông, wala sio kitu kigeni Vietnam, Wakhmer wa Mekong wako humo siku zote. Ukikaa pale chini utasikia wanaanza "Namo tassa bhagavato", sasa hiyo namo, yaani heshima kwake, ndo nam mô yako ya kila siku, neno lile lile limepita China likafika kwenu limebadilika mdomo tu. Quan Âm hutamkuta, ni kweli. Lakini aliyekaa pale mbele ni Thích Ca, yaani Buddha mwenyewe, na nyumbani kwenu yupo pia. Vaa nguo nyeupe, vua viatu mlangoni, mtawa mwite Bhante, ndo jina lao la heshima. Halafu wao wana Poya, siku yao takatifu ya kila mwezi mpevu, ambayo ni rằm yako ya tarehe 15 kwa kalenda yenu ya mwezi, itaangukia siku ile ile au zipishane moja hivi. Hata jirani yako huyo wa majini, kama ni Muislamu anayefunga zile siku nyeupe za tarehe 13, 14 na 15, siku yako hiyo ya rằm, ya kula mboga tupu, mara nyingi itamkuta amefunga (mwezi wao unaandama siku moja au mbili baada ya wenu kuanza). Siku moja mwambie, atashangaa.

Sasa siku 49. Hapa nikwambie ukweli usije ukashtukia kulekule: watawa wa Theravada hawafundishi kwamba marehemu anasubiri siku 49, kwao mtu akifa kuzaliwa kwingine kunafuata hapohapo, na Wasinhala sadaka yao kubwa ni siku ya 7, halafu miezi mitatu, halafu mwaka. Usiende kubishana. Wewe peleka chakula cha watawa siku yako ya 49, waambie ni kwa ajili ya bibi, wataelewa bila maelezo mengi. Mwishoni watakupa birika dogo la maji na kikombe ndani ya sahani, unamimina taratibu wao wanasoma, kikombe kinajaa mpaka maji yanamwagikia kwenye sahani, unaendelea tu kumimina. Hiyo ndo hồi hướng yako, thawabu inaelekezwa kwa marehemu. Mi mara ya kwanza nilisimamisha mkono nikidhani nachafua, mzee mmoja akanisukuma kiwiko, mimina.

Itamfikia? Brahmani mmoja (kuhani wa India ya kale), Janussoni, alimuuliza Buddha hili hili. Akajibiwa kwamba sadaka inawafikia ndugu waliozaliwa kwenye hali ya mapeta, wale mizimu wenye njaa, na kama huyo unayemkusudia hayuko huko basi wapo ndugu wengine waliotangulia, na mtoaji mwenyewe hakosi tunda lake. Mi naona jibu hilo linatosha kwa pagoda zote mbili. Nyumbani usiku endelea kumtaja Buddha wako, Nam mô A Di Đà Phật, kama bibi alivyokuzoesha, hamna aliyekukataza.

Udi: hujamkosea. Kwenye ile sala ya kutoa udi mnayosoma wenyewe, harufu inayotajwa ni ya maadili, ya utulivu na ya hekima, kijiti kinafuata baadaye. Weka glasi ya maji safi na ua asubuhi, picha ya bibi iwe chini kidogo ya Buddha, basi. Na zile karatasi za kumchomea marehemu, hukuuliza ila najua unaziwaza, jumuiya ya watawa wa Vietnam yenyewe ilisema 2018 watu waache kuzichoma kwenye pagoda, kwa hiyo usimchokoze mwenye nyumba kwa ajili hiyo.

Chakula peleka wali wa nazi, maharage, mchicha, matunda. Ukikuta mwingine kaleta samaki usishangae, wao wanapokea mradi hakuchinjwa kwa ajili yao. Wewe la kwako liwe chay, yaani bila nyama wala samaki, mwambie tu mama ntilie asitie dagaa kwenye mchicha, na vitunguu, ambavyo wala chay wengine huviacha, usijitese kuviondoa.

Hesabu siku kwa saa za kule, Vietnam wako mbele saa 4. Kama alifariki saa 8 usiku, hapa ilikuwa bado saa 4 usiku wa jana yake, na siku ya kufariki kwenu ndo ya kwanza. Halafu piga simu hekaluni siku mbili kabla, na ufike saa 4 na nusu asubuhi. Watawa wa pale hawali tena ikishapita saa 6 mchana, ukija saa 7 na masufuria yako utarudi nayo.