Ukimfundisha Mchina neno anxious

Wewe unayeanza kufundisha Kiingereza wanafunzi kutoka China, neno anxious litakufikia mapema, kwa sababu wao wenyewe wanalihitaji: gaokao (mtihani wa kuingia chuo kikuu), usaili wa kazi, viza. Usikimbilie kuwapa tafsiri moja. Kimandarini kina maneno kadhaa ya namna hiyo, na kila moja litamvuta mwanafunzi upande wake.

Jiaolü ndilo lililo karibu zaidi, wasiwasi unaomkaa mtu moyoni. Jinzhang ni kukakamaa kabla ya kupanda jukwaani. Hapo mpe nervous. Zhaoji ndilo lenye kero, maana limebeba wasiwasi na haraka kwa pamoja. Mchina akikuambia “bie zhaoji” wakati unapekua mkoba ukitafuta kalamu, anakwambia taratibu, hakuna haraka. Akiigeuza kuwa “Don't be anxious”, utajiuliza ni lini ulionekana una hofu.

Pa kukaa sana ni danxin, kuwa na wasiwasi juu ya mtu. Hiki ni kitenzi, na humpokea mtu moja kwa moja bila kiungo kama about. Ndiyo maana utakuta kwenye daftari “I worry my mother”, na aliyeandika alitaka kusema ana wasiwasi juu ya mama yake. Kwa Kiingereza imegeuka: yeye ndiye anayemtia mama wasiwasi! Mimi simwandikii kanuni ubaoni. Namuuliza, “Nani hapati usingizi, wewe au mama?” Akishajibu, mpe sentensi nzima aikariri: I am anxious about my mother. Am na about zisibaki nje. Kwa Kichina, sifa haihitaji kitenzi cha kuwa, hutanguliwa tu na hen (sana), kwa hiyo “I very anxious” si uzembe. Nasi tunasema nina wasiwasi, basi usimcheke.

Anxious to iache kwanza. Mtu aliye anxious to meet you ana hamu ya kukuona, na ukiileta wiki ya kwanza utabomoa ulichojenga.

Kwenye matamshi, x ya anxious husikika ksh, ang-kshas, na mkazo uko mwanzo. Ukifika anxiety, x hiyohiyo inakuwa z na mkazo unahamia zai: ang-zai-eti. Yatamkishe yote mawili siku moja, moja baada ya jingine, kabla ksh haijazoeleka kiasi cha kuingia hata pasipo pake.